Chifu Chini ya Kitanda cha Kukhu

Balbu nyekundu ikiwashwa baada ya kukaa siku nyingi bila kazi hunuka vumbi linaloungua. Wiki iliyopita nilisimama mbele ya harufu hiyo katika duka la dawa za mifugo mjini Kitale, nikingoja kupimiwa chakula cha vifaranga. Mwenye duka alikuwa ameteremsha balbu juu ya sanduku la vifaranga wa siku moja, nao walikuwa wamejipanga kuizunguka kama watu waliokuja kuota moto kilioni.

Mwanangu Wekesa, mwenye miaka kumi na mmoja, alikuwa kando yangu na simu yangu mkononi. Tangu shule zifungwe amekuwa akiniomba nimruhusu kufuga mjusi mwenye ndevu, yule wa Australia ambaye yeye amemwona kwenye video tu. Nimemweleza mara nyingi kwamba mjusi huyo hauzwi sokoni karibu na nyanya, na kwamba kuna vibali vya serikali. Hunijibu kwa kunisomea masharti ya kumtunza, kana kwamba kilichobaki ni sahihi yangu.

"Sanduku liwe refu, lipite mita moja," alisoma. "Upande mmoja wa joto, upande mwingine wa baridi, ili achague mwenyewe. Mdudu wa kumlisha asiwe mkubwa kuliko nafasi iliyo kati ya macho yake. Akiwa mtu mzima apewe majani kila siku." Akapitisha kidole kwenye kioo. "Na ati akikosa joto hawezi kusaga chakula. Hakuonyeshi kitu, mama. Anaacha tu kula."

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeacha nyumbani bakuli la uji lililokataliwa na mama yangu. Nilimwambia Wekesa asome tena hapo mwisho, akasoma. Kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia, kwamba mimi pia niliwahi kufuga mjusi. Ninasema kufuga kwa ukarimu. Mjusi mwenyewe angesema alitekwa nyara.

Nilikuwa na miaka tisa. Nyanya yangu mzaa mama, ambaye kwa Kibukusu tulimwita Kukhu, aliishi Myanga, kule Bungoma, katika boma lenye jiwe kubwa tambarare nyuma ya jikoni. Jiwe hilo ndilo lililokuwa ghala lake, baraza lake na saa yake. Alianika hapo wimbi na mihogo, na alijua wakati wa kwenda kisimani kwa kulikanyaga bila viatu. Likianza kuchoma nyayo, alikuwa ameshachelewa. Juu ya jiwe aliishi mjusi dume mwenye kichwa chekundu kama pilipili iliyoiva na mwili wa rangi ya buluu. Kila alipoona mtu, mjusi huyo aliinua kifua na kutikisa kichwa juu na chini mara tatu nne, kama mtu anayekubali. Kukhu alimwita Chifu.

"Kwa sababu anakubali kila kitu," alinieleza, "halafu hafanyi chochote."

Kila asubuhi alikuwa na maswali yake. Chifu, mvua itanyesha? Chifu akaitikia. Chifu, nimuuze yule jogoo? Akaitikia. Nilipenda kusimama hapo na miguu yangu kwenye jiwe la moto nikisikiliza serikali ikifanya kazi.

Mwaka huo kifua kilimbana Kukhu, akalazwa. Alipotoka, daktari alisema asikae peke yake miezi miwili. Mjomba alifanya kazi mbali, kwa hiyo aliyebaki wa kumtunza ni mama, naye mama alikuwa Kitale na sisi. Hapo palikuwa na shida ambayo daktari hakuiandika kwenye karatasi. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawakutani ovyo. Hawapeani mikono, hawali wakitazamana, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe. Hakuna chuki hapo, ni heshima, na baba yangu alikuwa mtu wa heshima hadi kwenye vifungo vya shati.

Tuliishi Matisi, mtaa wa hapo Kitale, katika ploti yenye nyumba yetu mbele na vyumba vya kupanga nyuma. Baba akamkodia Kukhu chumba cha mwisho kabisa, kilichotazama ukuta wa jirani, ili mama mkwe wake asilale kwake na asilazimike kumwona akipita. Dirisha la chumba hicho lilikuwa na ukubwa wa daftari. Majirani walimsifu Baba sana, kwamba bado wako wanaume wanaojua mila. Mimi nilipewa godoro sakafuni, nilale na Kukhu, anitume kikombe cha maji akihitaji. Nilijivunia chumba hicho kama hoteli.

Siku ya kumchukua Myanga, baba alituma pikapu ya mwalimu mwenzake. Yeye mwenyewe hakuja, kwa sababu mnazojua. Mama alipokuwa akifunga virago, Kukhu alienda nyuma ya jikoni, akasimama kwenye jiwe lake na kumwambia Chifu, "Nitarudi. Wewe linda." Chifu akaitikia.

Mtoto mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilifikiri, mgonjwa anaenda mahali asikojua mtu, basi apelekewe mtu wa nyumbani. Nilichuma bua la nyasi, nikafunga kitanzi nchani kama watoto wote wa huko wanavyojua, nikakipitisha polepole juu ya kichwa chekundu na kuvuta. Nilimtia kwenye katoni ya sabuni niliyoitoboa matundu. Pikapu iliposimama Kanduyi watu wazima wakinunua ndizi, nilifungua kifuniko kidogo nikamwonyesha Chifu mji. Hakuitikia. Nilidhani ni kichefuchefu cha safari.

Nilikusudia kumshangaza Kukhu tukifika. Lakini njiani nilisikia akimwambia mama, "Hata sina wasiwasi na wimbi langu, nimemwachia Chifu." Wakacheka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimebeba mlinzi kwenye katoni ya sabuni. Nikafunga mdomo. Nikajiambia kwamba kazi yangu sasa ni moja, Chifu abaki hai mpaka Kukhu apone, ili tumrudishe kwenye jiwe kabla hajajua. Na Kukhu angerudi lini? Mama alishamwambia, "Mayi," yaani mama kwa Kibukusu, "ukianza kula vizuri, utarudi kwako."

Ulikuwa mwezi wa Julai. Mtu wa Myanga akifika Kitale mwezi wa Julai huvaa kila kitu alichokuja nacho. Mama alikuwa na dawa moja kwa wageni wote kutoka kule chini, blanketi na uji. Kukhu alifunikwa mablanketi matatu hadi kidevuni, dirisha likafungwa, mlango ukafungwa, uji ukaja na mvuke. Mimi nilimfanyia Chifu vivyo hivyo. Nilisukuma katoni chini ya kitanda, mahali penye giza pasipo upepo, nikamfunika kwa sweta yangu ya zamani ya shule. Nilimletea ugali na sukuma wiki. Nilimletea maziwa kwenye kifuniko cha chupa, omena wa kukaanga, na siku ya Jumapili nusu ya mkate wangu wenye siagi, ambayo ni sadaka kubwa kuliko zote nilizotoa utotoni.

Hakula chochote. Juu ya kitanda, Kukhu alikuwa akichukua vijiko viwili vya uji, akisema asante, nimeshiba, na kumrudishia mama bakuli. Alisema hivyo kwa adabu sana. Mgeni hasemi chakula ni kibaya wala kiti ni kigumu. Mama alirudi jikoni akilia, akaanza kupika kitu kingine.

Naomba mfahamu kwamba nilikuwa wa tatu darasani katika sayansi. Daftari langu lilikuwa na sentensi inayosema mijusi ni wanyama wenye damu baridi, na pembeni alama kubwa ya vema kwa wino mwekundu. Sentensi hiyo ilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa juu ya kitanda, na mjusi alikuwa chini ya kitanda. Hakuna hata siku moja vitu hivyo vitatu vilipokutana kichwani mwangu.

Wekundu ulianza kutoka siku ya tatu. Kichwa kikawa rangi ya tofali, kisha ya matope. Buluu ikatoweka, mwili mzima ukawa kama gome la mti. Siku ya nne Kukhu alisikia kucha zikikwaruza katoni.

"Nanjala, ni nani huyo chini?"

Ningeweza kusema panya. Nilisema, "Ni Chifu."

Kitanda kikaanza kutikisika, nikadhani kifua kimemrudia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akaketi. "Umenikamatia Chifu," alisema akijifuta macho. "Hebu nimwone." Nilimwinulia katoni. Akamtazama, akaacha kucheka. "Chifu," akauliza, "mvua itanyesha?"

Chifu hakutikisa kichwa. Kukhu alinirudishia katoni na kulala akitazama ukuta. "Asipoamka niambie," alisema. "Usinifiche."

Siku ya sita Chifu alikuwa baridi kama jiwe la mtoni na macho yake yalikuwa yamefumbwa. Sikumwambia Kukhu. Nilibeba katoni na kukimbia kwa Mama Zuhura, mjane aliyeishi karibu na msikiti na kuuza vifaranga. Nilimchagua kwa sababu moja tu, alikuwa mtu mzima pekee niliyemjua ambaye vitu vidogo havikumfia.

Nilimkuta amechuchumaa katika chumba chake cha vifaranga. Kilikuwa na ukuta wa kadibodi uliozungushwa, na katikati chungu cha makaa chenye mfuniko wa matundu. Harufu ya chumba hicho ilikuwa ya vumbi la pumba likiungua kidogo kidogo. Nilifungua katoni. Mama Zuhura akaruka nyuma.

"Haki ya Mungu, mtoto, umeniletea nini?"

"Anakufa."

"Na aende akafie kwenu. Mimi mambo ya mijusi siyajui, najua kuku." Lakini alichungulia. "Mmekiweka wapi hicho kitu?"

"Chini ya kitanda. Nilimfunika na sweta."

"Sweta," alirudia, kana kwamba nimesema nilimpaka poda. "Kwani ana moto wake mwilini wa kufunikiwa? Wewe ukijifunika, blanketi linazuia moto wako usitoke. Huyu ni kama yai. Funika yai na mablanketi kumi, kesho utakuta yai baridi na mablanketi kumi. Yai linataka kukaliwa."

Alichukua tofali lililokuwa kando ya chungu, akalipima joto kwa kiganja, akaliweka nje ya kadibodi na kuniamuru nimlaze mjusi hapo, yeye mwenyewe akisimama mbali. Tukangoja. Mama Zuhura aliendelea kuwanywesha vifaranga maji huku akinisema, kwamba watoto wa walimu wanasoma sana halafu hawajui kitu. Kwa muda wa kupika chapati tatu hivi, hakuna kilichotokea. Kisha jicho moja likafunguka. Wekundu ulianzia shingoni, ukapanda taratibu kama chai ikikolea. Chifu aliinua kifua, akatembea hatua tatu kwenda mbali na chungu.

"Umeona? Sasa anakimbia joto. Vifaranga wangu ni hivyohivyo. Umwekee moto, na umwekee pa kuukimbia. Bila hivyo utamchoma bure."

Alikuwa na mchwa kwenye kopo, aliowategea kwa kinyesi cha ng'ombe ili awape vifaranga. Alinirushia wachache. Chifu akala mchwa tisa. Niliwahesabu, na nilimpa pole ya moyoni kwa ule mkate wenye siagi.

Nilirudi kwa Kukhu nikamweleza yote, tofali, yai, mchwa. Alisikiliza bila kunikatiza, mablanketi yakiwa yamefika kidevuni.

"Hapa uani kwenu kuna jua?" aliuliza.

"Liko mbele ya nyumba. Linaanza saa tatu. Saa saba linaondoka, mvua inakuja."

Alifikiri. "Chifu hawezi kwenda peke yake huko, watampiga mawe. Mwambie mama yako mgongo unaniuma, nataka kiti uani. Nitamsindikiza."

Mama alikuja mbio na mwiko mkononi. "Ati uani, Mayi? Na Baba Nanjala akipita akukute umekaa mlangoni pake? Si utamuaibisha huyo mtu."

"Baiskeli yake ina kengele au haina?"

"Inayo."

"Basi apige."

Baba alipopelekewa ujumbe alienda kupaka kengele mafuta. Kesho yake Kukhu alitolewa nje kwenye kiti chenye mgongo, leso yake ikining'inia hadi chini. Nyuma ya leso hiyo, miguuni pake, palikuwa na katoni yangu iliyokatwa upande mmoja na kuzibwa kwa wavu wa dirisha. Ndani yake kulikuwa na tofali upande wa jua na kipande cha kigae cha kujifichia upande wa kivuli. Baba alianza kupiga kengele tangu barabarani, watu wakamwachia njia wakidhani breki zimekatika. Kukhu alijivutia leso kichwani na kugeuza uso ukutani. Baba akapita akitazama mawingu kwa makini, kama mtu aliyeahidiwa ndege. Wote wawili walionekana kufurahi sana kwa kutoonana.

Siku ya tatu ya kukaa uani mama alileta chai, akainama kuokota kijiko, akaonana uso kwa uso na kichwa chekundu. Aliinua sinia juu.

"Usimpige," Kukhu alisema. "Ni wa nyumbani."

"Wa nyumbani gani, Mayi? Huyo ni sumu!"

"Mwangalie vizuri."

Mama aliangalia. Chifu akamwitikia mara nne. Mama alishusha sinia na kukaa chini kwenye saruji, na nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa binti ya mtu. "Chifu wangu mimi," alisema baadaye, "alikuwa amekatika mkia." Ndipo nilipojua kwamba machifu walikuwa wengi, na kwamba Kukhu alikuwa akimpa cheo yeyote aliyelishika lile jiwe.

Tangu siku hiyo nilimlisha Chifu bila kujificha. Panzi wadogo wa kwenye nyasi, sisimizi, mchwa wa Mama Zuhura, na ua la boga mara mojamoja. Na Kukhu alianza kula. Kwanza alimaliza uji, kisha akaomba ugali, kisha akauliza kama mnofu wa kuku huwa unaishia kwa nani katika nyumba hii. Mama alisema uji wake ndio uliofanya kazi. Baba, kupitia kwa mama, alisema ni vile vidonge. Mimi nilijua ni mimi, kwa kuwa nilimfufua Chifu na Kukhu akafurahi.

Mwisho wa Agosti tuliwarudisha wote wawili Myanga. Nilibeba katoni hadi kwenye jiwe, na juu ya jiwe tukakuta dume mwingine, kichwa chake kikiwa bado hakijakamilika wekundu.

"Serikali imebadilika," Kukhu alisema.

Nilimwachilia Chifu. Wakatikisiana vichwa muda mrefu, kama watu wanaokubaliana, kisha wakavaana na kuzunguka jiwe kwa kasi, mmoja akaporomoka na kupotelea kwenye mihogo. Nililia kwa sababu sikuweza kujua ni yupi. Kukhu alikuwa ameshavua viatu. Alisimama katikati ya jiwe lake kwa muda, nyayo zikichomeka, kisha akaagiza ufagio. Aliishi miaka mingine saba hapo.

Kwa miaka mingi nimesimulia kisa hiki kwenye sherehe, na siku zote kilikuwa kisa cha jinsi bibi kizee alivyokubali kukaa nje baridini kwa ajili ya mjusi wa mjukuu wake. Nina shahada mbili, na bado ilibidi mtoto asome simu kwenye duka la dawa za mifugo ndipo nipange mambo vizuri. Kukhu hakuwa amemsindikiza Chifu. Alikuwa amekaa siku sita katika chumba kisicho na jua, chumba alichopewa kwa heshima na mkwe wake na kupambiwa kwa mapenzi na binti yake, na hakukuwa na namna yoyote ya adabu ya kusema, hapa mnaniua. Mgonjwa akisema hivyo angewatukana wote wawili. Mjusi hana mkwe. Chifu ndiye aliyempa Kukhu sababu ya kuomba kiti.

Siku hiyo tulifika nyumbani na mfuko wetu wa chakula cha vifaranga. Baba alishafariki, na mimi nimerudi Matisi kumtunza mama. Alikuwa pale nilipomwacha, kwenye sofa, mgongo ukiwa umeelekea dirisha, pazia limefungwa, mablanketi mawili magotini ambayo niliyachagua mwenyewe. Uji ulikuwa umeganda juu.

"Asante, nimeshiba," alisema kabla sijauliza.

Niliketi karibu yake. "Mama, wewe ungependa kukaa wapi?"

Alinitazama, akatazama pazia, kisha saa ya ukutani.

"Jua la hapa linaondoka saa saba," alisema, "na sasa ni saa sita na nusu. Mwite Wekesa abebe kiti."